Gitaa Lililopasuka Dodoma: Uchambuzi wa Kisa cha Ubao Uliogundishwa Wakati wa Masika

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu gitaa moja la nyuzi za chuma lililotengenezwa kwa mkono katika karakana ya nyumbani mjini Tanga, likanunuliwa na mwalimu wa kwaya wa mji huo huo, kisha likahamia Dodoma pamoja na mwenyewe alipopata uhamisho wa kikazi. Kwa muda wote lilipokuwa Tanga halikuonyesha kasoro yoyote, na waliolisikia walisifu uzito wa besi yake. Kiangazi cha kwanza cha Dodoma kilipokolea, nyuzi zilianza kugonga freti (vijiti vyembamba vya chuma vinavyokatisha shingo), ncha za freti zikachomoza pembeni mwa shingo hadi zikawa zinakwaruza kiganja, uso wa gitaa ukazama, na hatimaye ubao wa uso ukapasuka kutoka nyuma ya daraja, yaani kipande cha mbao kinachozishika nyuzi juu ya uso, kuelekea kwenye kitako. Niliombwa na pande zote mbili nilikague, nieleze chanzo, na niseme gharama za matengenezo zimwangukie nani. Majina yao nayaacha, kwa sababu jambo lenyewe halimhusu fundi mmoja wala mteja mmoja: yeyote anayetengeneza magitaa katika ukanda wa pwani na kuyauza bara anaweza kukutana nalo.

Ni vyema kwanza kulieleza gitaa lenyewe. Lilikuwa la umbo kubwa, lenye upana wa karibu milimita 400 katika sehemu pana ya chini. Uso wake ulikuwa wa sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari, uliorandwa hadi unene wa takriban milimita 2.8. Mgongo na mbavu zilikuwa za mninga, shingo ya mkangazi, na ubao wa vidole pamoja na daraja vilikuwa vya mpingo. Chini ya uso kulikuwa na mataruma ya sprusi, yaani vijiti vya kuuimarisha, mawili makubwa yakikatana kwa umbo la X chini kidogo ya tundu la sauti, na mengine madogo yakisaidia pembeni. Gundi ilikuwa ile ya mbao inayouzwa madukani, na viungio vyote vilivyoonekana vilikuwa vimekazwa vizuri. Kazi ya mkono ilikuwa safi. Nalisema hili mapema kwa sababu maelezo ya kwanza aliyopewa mwalimu na watu wa pembeni yalikuwa kwamba ameuziwa gitaa la ovyo, na maelezo hayo hayakuwa ya haki.

Jambo moja la muundo linahitaji kufafanuliwa, maana uchambuzi wote umesimama juu yake. Uso wa gitaa la aina hii hauwi bapa kabisa. Fundi huyapinda mataruma kidogo kwa randa na msasa kwa kufuata sinia lenye mbonyeo, kisha huyagundisha kwenye ubao ili uso mzima upate mbinuko mdogo kuelekea nje. Sinia la fundi huyu lilikuwa na nusukipenyo cha mita 8.5, na kwa upana wa milimita 400 hesabu inatoa mbinuko wa milimita 2.3 hivi katikati. Ni kiasi kidogo ambacho macho hayakioni kwa urahisi, lakini ndicho kinachoupa uso nguvu ya kubeba mvuto wa nyuzi, ambao kwa seti nyepesi ya nyuzi za chuma hufikia kilo sabini na kitu. Mbinuko huo pia ndio akiba ya uso pale mbao inaposinyaa, kwa sababu ubao uliobinuka una nafasi ya kushuka kabla haujaanza kuvutika.

Nilipoweka rula ndefu ya chuma kukatisha uso nyuma ya daraja, mbinuko haukuwepo. Badala yake palikuwa na mbonyeo, na mwanga ulipita chini ya rula katikati. Nilipoiweka mbele ya daraja, kati yake na tundu la sauti, hali ilikuwa ile ile. Mgongo nao ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya mbinuko wake, ila ulikuwa mzima. Kwa kioo kidogo na kamera ya simu iliyopitishwa kwenye tundu la sauti, niliona ncha moja ya taruma dogo imeanza kuachana na ubao, huku mataruma makubwa yakiwa imara. Shingo ilikuwa imenyooka. Ufa ulikuwa umefuata nyuzi za mbao, ukiwa mpana zaidi karibu na daraja na ukizidi kuwa mwembamba kuelekea kwenye kitako, na pale kwenye upana wake karatasi nene iliweza kupenya.

Maelezo matatu yalikuwa yameshatolewa kabla sijafika. Mwalimu aliamini kwamba mbao ilikuwa mbichi. Fundi, alipopigiwa simu, aliamini kwamba gitaa liliachwa ndani ya gari juani au lilivishwa nyuzi nzito. Fundi mwingine wa Dodoma, ambaye kazi yake ya kila siku ni fanicha, alisema uso ulikuwa mwembamba mno. Na kwa kuwa nyuzi zilikuwa zikigonga freti, aliuondoa mfupa wa daraja, yaani kipande chembamba ambacho nyuzi hulalia juu ya daraja, akaweka mrefu zaidi ili kuziinua. Gitaa likapigika tena kwa muda mfupi, halafu likapasuka.

Tuanze na nyuzi. Nyuzi nzito, au uso mwembamba usioweza kubeba nyuzi za kawaida, huacha alama inayotambulika. Nyuzi zimefungwa kwenye daraja na huvuta kuelekea kichwani, hivyo daraja hujaribu kupinduka kwenda mbele: ubao ulio nyuma ya daraja hufura, na ule ulio mbele yake, karibu na tundu la sauti, huzama. Anayekagua gitaa lililoelemewa na nyuzi huuona mwinuko na mzamo vikiwa pande mbili za daraja. Katika gitaa hili uso ulikuwa umezama pande zote mbili, na daraja halikuwa limepinduka kwa kiasi cha kutajwa. Nyuzi haziwezi kulifanya hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, hoja ya unene haisimami, na kwa kweli milimita 2.8 ni unene wa kawaida kabisa kwa sprusi katika gitaa la ukubwa huu.

Joto la gari nalo lina alama zake. Gundi ya kawaida ya mbao hulegea inapopata joto kali, na kwa kuwa nyuzi haziachi kuvuta, kinacholegea huteleza: daraja husogea, mara nyingine likiacha mstari wa vanishi isiyofunikwa nyuma yake, au mkunjo wa shingo na sanduku hubadilika pembe. Hapakuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Nilimuuliza mwalimu, akasema gitaa lilikaa ndani ya nyumba, juu ya kigingi ukutani, na nina sababu ya kumwamini kwa kuwa gitaa lenyewe lilikuwa linathibitisha.

Linabaki suala la ubichi wa mbao, na hapa ndipo maneno ya fundi yanapostahili kusikilizwa kwa makini. Alisema, "Mwalimu, ile mbao niliikalisha darini miaka. Kama ni ukavu, hakuna mbao kavu kuliko ile Tanga nzima." Nilikwenda kuziona mbao zilizobaki kutoka katika shehena ile ile, na alisema kweli: zilipangwa vizuri kwa vipande vya kutenganisha, hewa ikapita katikati yake, na hazikuwa na dalili ya ubichi. Ila sentensi yake ya pili, ambayo kwake ilikuwa utetezi, kwangu ilikuwa ndiyo jibu. Mbao hiyo ilikuwa kavu kadiri hewa ya Tanga inavyoweza kuikausha, na hewa ya Tanga haiwezi kuikausha ikafika pale inapotakiwa.

Mbao iliyokwisha kukauka haiachi kupokea na kutoa maji. Hutafuta usawa na hewa inayoizunguka: hewa ikiwa na unyevu mwingi hunyonya, hewa ikiwa kavu huachia, na mwenendo huu haukomi hata mbao ikae darini miaka hamsini. Usawa huo unajulikana kwa vipimo. Katika joto la kawaida la kwetu, mbao iliyo katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Kwenye asilimia 40 hushuka hadi chini kidogo ya 8. Pwani ya Tanga, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, hukaa karibu na kile kipimo cha juu. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari katika ukanda wa nusu jangwa, ina msimu mmoja wa mvua unaoanza kwa kawaida Desemba na kwisha Aprili, na baada ya hapo hufuata miezi mingi ya ukavu na upepo. Haigromita ndogo (kifaa cha kupimia unyevu wa hewa) niliyoiacha sebuleni kwa mwalimu ilionyesha asilimia 50 na kitu alfajiri na chini ya 40 alasiri. Kwa hiyo ubao uliotoka Tanga ukiwa na maji ya asilimia 15 ulikuwa, bila mtu kuugusa, unatafuta kutulia kwenye 8 au 9.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mtu aifanyie hesabu. Sprusi inaposinyaa haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki. Kwa mwelekeo wa kutoka moyo wa mti kwenda kwenye gome, ambao ndio upana wa ubao wa gitaa uliopasuliwa vyema, husinyaa takriban asilimia 4 kutoka pale inapoanza kusinyaa, yaani kwenye maji ya karibu asilimia 30, hadi ukavu kamili. Kila pointi moja ya unyevu ikipotea, upana hupungua kwa sehemu kama 0.13 hadi 0.14 ya asilimia. Pointi sita ni zaidi kidogo ya asilimia 0.8, na kwa ubao wa milimita 400 hiyo ni milimita tatu na ziada. Ubao huo ungekuwa huru juu ya meza, ungepungua hizo milimita tatu na hakuna ambaye angegundua.

Haukuwa huru. Mataruma yaliyogundishwa chini yake yanakatisha upana wa ubao, na nyuzi zake za mbao zimelala kwa urefu wa taruma, upande ambao sprusi haisinyai. Daraja la mpingo lililo juu yake nalo limelala kwa kukatisha, na linafanya vivyo hivyo. Ubao ukataka kupungua, na vitu vilivyoushika havipungui. Uso wa nje ulio huru zaidi ulisinyaa, uso wa ndani ukazuiwa na mataruma, na matokeo ya mvutano huo ni kujipinda kuelekea ndani: mbinuko wa milimita 2.3 ukaliwa wote, kisha mbonyeo ukaanza. Uso ukishuka, daraja hushuka nao, na nyuzi hukaribia freti. Mlio wa kugonga aliousikia mwalimu mwanzoni ulikuwa tangazo la kwanza la jambo hili, miezi kadhaa kabla ya ufa.

Mahali ulipotokea ufa panaeleweka pia. Chini ya daraja ubao umeshikwa juu na chini, na umeshikwa kwa nguvu kuliko popote pengine. Nyuma tu ya ukingo wa daraja unaachwa ghafla kuwa mwembamba na huru. Mvutano hukusanyika pale panapobadilika kutoka kushikwa kwenda kuachwa, na mbao ya misonobari haina uimara mkubwa wa kukabili mvutano unaozitenganisha nyuzi zake. Ndiyo maana ufa ulianzia pale, na ukaelekea kwenye kitako ambako hakuna taruma kubwa la kuuzuia.

Mgongo ulinusurika kwa sababu mbili. Mninga ni mti unaosinyaa kidogo mno ukilinganishwa na mbao nyingi, na sifa hiyo ndiyo iliyoufanya upendwe na maseremala wetu kwa milango na makabati tangu zamani. Tena mgongo hujengwa kwa mbinuko mkubwa zaidi kuliko uso, hivyo ulikuwa na akiba kubwa ya kushuka. Kuhusu freti, ubao wa vidole ulipungua upana kidogo huku freti za chuma zikibaki na urefu wake, ncha zikatokeza. Fundi anayetaka kujua kwa haraka kama gitaa linateseka kwa ukavu apitishe kidole pembeni mwa shingo kabla ya kuchukua kipimo kingine chochote. Nyuzi nzito haziwezi kuzichomoza ncha za freti, na ajali ya kuangusha haiwezi pia.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya ule mfupa wa daraja ulioinuliwa, kwa sababu nadhani ulifanya madhara zaidi ya yale yanayoonekana. Fundi wa Dodoma aliona nyuzi ziko chini, akaziinua. Kwa mtazamo wa siku ile alitatua tatizo. Lakini alikuwa amepima gitaa katika hali yake ya ugonjwa na kuifanya hali hiyo kuwa kipimo chake cha kudumu. Mfupa mrefu huongeza nguvu ambayo nyuzi hutumia kulipindua daraja, na nguvu hiyo iliongezwa juu ya ubao ambao tayari ulikuwa umevutika hadi ukomo. Siwezi kusema ndiyo iliyoupasua, maana ufa ungeweza kutokea hata bila hiyo. Ninachosema kwa uhakika ni kwamba kama gitaa lingeachwa hivyo hadi mvua za Desemba, uso ungenyonya maji na kupanda, na nyuzi zingekuwa juu kiasi cha kuumiza vidole, kisha pengine mtu mwingine angeukata mfupa tena. Kabla ya kugusa mfupa, mtu apime mbinuko wa uso na unyevu wa chumba. Kama uso umezama, dawa ni kuurudishia maji.

Sasa nirudi Tanga, kwenye siku ambayo kosa lilitendeka. Fundi huyu ana tabia njema ya kuandika daftari la kila gitaa, na daftari ndilo lililotuonyesha. Uso na mataruma viligundishwa katikati ya masika, katika wiki aliyoiandikia neno "mvua" karibu kila siku. Hiyo ndiyo saa ambayo ukubwa wa ubao ulifungwa. Kabla ya hapo ubao unaweza kuvimba na kusinyaa upendavyo. Baada ya hapo kila badiliko ni mvutano. Hata kama mbao imekaa darini miaka mingi, ubao uliokwisha kurandwa hadi milimita tatu hufuata hewa ya chumba ndani ya saa na siku chache, kwa hiyo miaka ya darini haiulindi na wiki moja ya mvua. Fundi alilipokea hili kwa uzito, na aliuliza swali ambalo ndilo hasa linalompasa kila fundi wa pwani: atafanyaje kazi yake ikiwa hewa anayovuta yeye mwenyewe ina unyevu wa asilimia 80?

Karakana kubwa za nje huweka vyumba vyao kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50 mwaka mzima kwa mitambo. Banda la nyuma ya nyumba lenye madirisha ya nyavu haliwezi kufanya hivyo, wala halihitaji. Kinachohitaji kukaushwa ni mbao chache tu, kwa siku chache tu, kabla ya kugundisha mataruma ya uso na ya mgongo. Tulikubaliana ajenge kabati la mbao za tabaka lenye ukubwa wa kulaza nyuso mbili na migongo miwili, likiwa na matundu madogo chini na juu ya kupitisha hewa, na balbu ya waya ya wati 60 iliyokingwa ili isiangaze mbao moja kwa moja. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii kwa kuwa hutoa joto dogo. Kidhibiti joto kilichofaa zaidi, na kinachopatikana kwa bei ya kawaida, ni kile kinachotumika katika mashine za kutotolesha vifaranga, kwa sababu kimetengenezwa kufanya kazi katika nyuzijoto zile zile tunazozihitaji.

Msingi wa kabati ni kwamba hewa ikipashwa joto bila kuongezewa maji, unyevu wake wa kulinganisha hushuka. Hewa ya Tanga yenye nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzijoto 36, unyevu wake hushuka hadi asilimia 50 hivi. Ikifika 38 huwa karibu na 45. Hakuna haja ya kuichoma mbao. Fundi aliniambia kwamba amewahi kuona watu wakianika mbao juu ya bati mchana wa jua kali, na hilo nimemsihi asilifanye kamwe, kwa sababu uso mmoja hukauka kabla ya mwingine na ubao hujikunja.

Kujua kama ubao umefika, mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Ubao wa uso wenye uzito wa gramu 320 ukiwa na maji ya asilimia 15 hupoteza kama gramu 17 unaposhuka hadi asilimia 9. Upimwe asubuhi na jioni, uzito uandikwe juu ya ubao kwa penseli, na siku uzito utakapoacha kubadilika ndiyo siku ya kugundisha. Mataruma yakaushwe pamoja na ubao. Wakati wa kugundisha, kazi ifanyike mara tu mbao zinapotoka kabatini, maana ubao mwembamba huanza kunyonya tena papo hapo. Na fundi huyu anayetumia fito za mianzi zilizopindwa kukandamiza mataruma kwa kuegemea dari ya fremu aliamua kuifanya fremu hiyo iwe fupi kiasi cha kuingia kabatini pamoja na kazi, ili gundi ikauke humo humo. Huo ulikuwa uamuzi wake, na ni bora kuliko nilivyokuwa nimependekeza mimi.

Tulibishana juu ya kiwango. Yeye aliona kwamba wateja wake wengi wako Tanga, Pangani na Mombasa, na gitaa lililofungwa kwenye unyevu wa asilimia 45 litavimba likiishi pwani: uso utapanda, nyuzi zitakwenda juu, na mteja atalalamika. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo hasara mbili hizi hazilingani. Uso uliovimba hurekebishwa kwa kupunguza mfupa wa daraja, kazi ya nusu saa isiyoacha alama. Uso uliopasuka hubaki na kovu hata ukitengenezwa kwa ustadi. Kwa hiyo nilipendekeza asilimia 50 kwa kila gitaa, liwe la mteja wa pwani au wa bara, kwa sababu gitaa huuzwa, huazimwa na hurithiwa, na fundi hana namna ya kulizuia lisipande basi la kwenda Dodoma. Alikubali asilimia 50, ila kwa magitaa anayojua yatakaa pwani atatumia sinia lenye mbinuko mdogo kidogo. Sikuona sababu ya kumpinga.

Matengenezo ya gitaa lenyewe yalifuata taratibu moja ambayo haipendwi kwa sababu ni ya polepole. Ufa wa ukavu hautakiwi kuvutwa kwa jiriwa ukiwa bado mkavu; anayelazimisha hivyo huuziba pale na kuufanya ubao upasuke mahali pengine. Nyuzi zililegezwa, mfupa wa asili ukarudishwa, na gitaa likafungiwa ndani ya kasha lake pamoja na visanduku viwili vya sabuni vilivyotobolewa, kila kimoja kikiwa na sifongo yenye unyevu lakini isiyodondosha maji. Haigromita ilikaa ndani ya kasha, na sifongo ziliongezwa au kupunguzwa maji mpaka kipimo kikatulia kwenye asilimia 50. Baada ya wiki kadhaa uso ulipanda, ncha za freti zikarudi usawa wa ubao bila kupitishiwa tupa, na ufa ukajifunga karibu wote kwa hiari yake.

Ndipo gundi ilipopakwa. Nilitumia gundi ya ngozi iliyopashwa moto, kwa sababu hupenya ndani ya ufa mwembamba, huvuta inapokauka, na akitokea fundi mwingine miaka ijayo anaweza kuilegeza kwa maji ya moto. Kutoka ndani, viraka vitatu vidogo vya sprusi vilibandikwa kukatisha ufa, kila kimoja kikiwa kimepunguzwa kingo hadi kuwa vyembamba kama karatasi ili pasiwe na ukingo mkali wa kukusanya mvutano mpya. Ncha ya taruma iliyoachana iligundishwa kwa kuinuliwa na jeki ndogo ya skrubu iliyoingizwa kupitia tundu la sauti. Sehemu fupi karibu na daraja haikujifunga kabisa. Ilijazwa kipande chembamba cha sprusi kilichochongwa kwa umbo la kabari, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao, kisha pakapakwa shelaki. Kovu linaonekana kwa anayelitafuta.

Suala la gharama lilikuwa gumu kuliko gundi. Mwalimu alikuwa na hoja kwamba alinunua ala ya muziki, si ala ya Tanga. Fundi alikuwa na hoja kwamba gitaa liliondoka mikononi mwake likiwa zima na kwamba hakuna aliyemwambia litahamishwa. Kwa maoni yangu hoja ya mwalimu ni nzito zaidi, kwa sababu Dodoma si mahali pa ajabu ambapo gitaa lisitarajiwe kufika. Ni makao makuu ya nchi, na ukavu wake si wa kupita kiasi kwa viwango vya magitaa yanayojengwa kwingineko duniani. Fundi ndiye aliyekuwa na uwezo wa kujua, kwa kuwa daftari lake lilikuwa limeandika mvua. Wakati huo huo, mlio wa nyuzi ulianza miezi kadhaa kabla ya ufa, na gitaa lilibaki ukutani bila kasha na bila fundi wake kuarifiwa, hivyo sehemu ya hasara ingeweza kuepukwa.

Nilipendekeza fundi abebe gharama yote ya kuziba ufa na kurudisha taruma, na mwalimu anunue haigromita na visanduku vya sifongo, na ahifadhi gitaa ndani ya kasha kuanzia Juni hadi mvua zitakapoanza. Wote wawili walikubali. Fundi aliongeza kwa hiari yake mfupa wa pili wa daraja, mfupi kidogo kuliko wa kwanza, uliochongwa kwa ajili ya miezi ya mvua uso utakapopanda. Ameuweka ndani ya bahasha katika mfuko wa kasha, pamoja na karatasi inayoeleza namna ya kuubadilisha na kipimo cha haigromita ambacho mwalimu akikiona ampigie simu kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.